Watu arubaini wanajua ugonjwa wa mama, mama mwenyewe hajaambiwa

BARUA

Mshauri, assalaam aleykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa na mkaazi wa Lamu mjini. Niliachika miaka sita iliyopita, nikarudi kwa wazazi wangu pamoja na mwanangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka tisa. Ndugu yangu ni mmoja tu, kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Qatar na ambaye ndiye anayebeba gharama nyingi za nyumba hii. Sitaki atakayesoma barua yangu amwone kuwa mtu mbaya, kwa sababu si mbaya.

Baba alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wake wa kulia haufanyi kazi, maneno humtoka kwa taabu, na nyumba yetu ni ya mawe ya zamani yenye ngazi za kusimama wima, kwa hiyo tangu siku ile hajashuka chini ila kwa kubebwa juu ya kiti na vijana wa mtaa. Miezi ya mwanzo sikujua lolote. Nilikuwa nikimwinua kwa kumvuta mikono, mgongo wangu ukaharibika, naye akapata kidonda cha kulalia. Ndipo mwalimu mwenzangu aliponiunganisha na kundi la WhatsApp la watu wanaouguza wazazi wao. Tuko kama arubaini, wa Tanga, Unguja, Mombasa, Nairobi na wengine Uarabuni, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumtia machoni. Mwanamume mmoja wa Tanga, aliyemuuguza mamake kwa miaka minne, ndiye aliyenifundisha kwa ujumbe wa sauti jinsi ya kukunja shuka mara mbili, kuipitisha chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani, kisha kuivuta shuka badala ya kumvuta mtu, na kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kidonda cha baba kilipona. Tangu wakati huo, saa nane za usiku nikishamgeuza baba, huandika humo, na hapakosi mtu aliye macho wa kunijibu.

Mwishoni mwa mwaka jana mama aliona uvimbe katika titi la kushoto, akauficha kwa muda kwa sababu, kama alivyosema baadaye, nyumba ilikwisha kuwa na mgonjwa. Tulikwenda Mombasa akakatwa kinyama cha kupimwa. Siku ya majibu yeye alikuwa amekaa nje, amechoka na safari, na daktari akanieleza mimi mlangoni kwamba ni saratani, kwamba ataanzishiwa dawa za kemo, mara moja kila siku 21, kisha waangalie habari ya upasuaji. Nilimpigia kaka nikiwa kituo cha basi. Akasema nisimwambie mama. Nimwambie ni uvimbe unaotaka kuyeyushwa kwa dawa. Bibi yetu mzaa mama aliambiwa ugonjwa wake na hakumaliza siku arubaini baada ya kuambiwa. Mama mdogo akaliunga mkono neno hilo. Basi nikamwambia mama kwamba ni uvimbe tu.

Kundini, hata hivyo, nilisema yote. Nililia, nikasema kwa sauti kwa sababu vidole vilikuwa havifuatani, nao wakanitia nguvu kwa namna ambayo sitaisahau. Wengi wakaniambia nimweleze mama, kwamba ni haki yake, na dada mmoja wa Unguja akasimulia jinsi alivyomweleza wake na jinsi walivyokaribiana zaidi baada ya hapo. Sikutaja jina langu wala mtaa wangu. Lakini nilisema "mato" na "ndia", yaani macho na njia, kama tusemavyo sisi wa Lamu, na mwanakundi mmoja aliyeko Mombasa, ambaye mwenyewe ni wa asili ya huku, akaitambua sauti. Baada ya juma moja kaka akanipigia. "Umemwanika mama," akasema. "Watu wa simuni ndio ndugu zako sasa?" Anataka mambo mawili: nitoke katika kundi, na nisithubutu kumwambia mama neno lolote. Hakutaja pesa, lakini sote wawili tunajua nani hulipa safari za Mombasa.

Mama yuko kimya. Anamshonea mwanangu kofia ya mkono, ile ya vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ambayo huchukua miezi, na usiku humkuta amelala na sindano iko vidoleni. Asema anataka aimalize kabla ya safari. Juma lililopita alinipa ufunguo wa sanduku lake, akasema nisije nikautafuta. Juzi akaniuliza kama wagonjwa wa ile wadi hunyonyoka nywele. Nikamjibu kwamba sijui.

Dawa zinaanza chini ya majuma matatu kutoka leo. Je, niwafuate wenzangu walioniokoa, ambao hawamjui mama, au kaka yangu, anayemjua mama lakini hayupo hapa? Na je, nimemkosea mama kwa kuwaambia wageni kabla yake?

Mlezi wa Wawili, Lamu

JIBU

Waaleykum salaam, mwanangu. Kwanza nakupa pole ya kweli, kwa baba, kwa mama, na kwa ule usiku wa saa nane unaourudia kila siku bila ya mtu wa kukupokea zamu.

Kama nimekuelewa, una maswali mawili yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni kama mama aambiwe jina la ugonjwa wake. La pili ni kama ulikuwa na haki ya kuutoa ugonjwa huo nje ya nyumba kabla yeye hajaujua. Yamefungwa pamoja kwa sababu kaka yako ameyadai kwa pumzi moja, na nadhani ndiyo maana unahisi kwamba huna budi kuchagua upande: ama marafiki na kusema, ama kaka na kunyamaza. Naomba tuyafungue. Unaweza kubaki na marafiki zako na bado usimwambie mama. Unaweza kutoka kundini kesho na bado ukamwambia.

Wako watakaokuambia kwamba marafiki wa simu si marafiki. Mimi siwezi kulisema hilo mbele ya kidonda kilichopona. Yule bwana wa Tanga alikupa kitu ambacho jirani wa ukuta kwa ukuta hakuwa nacho, na aliyekujibu saa nane za usiku alikujibu kweli, si kwa njozi. Hata hivyo kuna tofauti kati ya shuka na habari. Mwili wa mgonjwa wa Tanga hugeuzwa kama wa mgonjwa wa Lamu, na kwa hiyo somo lile lilikufaa bila ya kubadilishwa hata kidogo. Lakini wanapokuambia "mwambie mama", kila mmoja anamkusudia mama yake. Dada wa Unguja alikusimulia mwisho wake kwa sababu ulikuwa mwema. Je, umewahi kuuliza kama kundini yuko aliyemweleza mzazi wake na mambo yakaenda vibaya, na ambaye siku ile aliona ni afadhali anyamaze ili asikuvunje moyo? Kutiana moyo kuna adabu yake, na adabu hiyo mara nyingine huficha nusu ya habari. Wao pia wanamjua mama kwa maneno yako tu, maneno ya usiku, ya mtu aliyechoka.

Ama habari ya kumwanika mama, nitasema jambo ambalo huenda lisikupendeze: kaka yako ana hoja. Sitara kwa watu wetu si kiburi cha kujificha. Ni heshima ambayo mama yako ameishi nayo maisha yake yote, na titi lake si habari ya kwanza ambayo angependa watu arubaini waijue. Hata sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, inaziweka habari za afya ya mtu katika lile fungu la habari nyeti. Sikutajii sheria ili nikutishe, kwani mwana aliaye si ofisi ya serikali. Nataka tu uone kwamba habari hii ni mali yake yeye, na kaka yako hakukosea kuliona hilo. Ila nawe hukukosea kuwa na moyo. Ulipewa habari nzito mlangoni, ukaambiwa uibebe peke yako, kisha ukaitua mahali pa pekee palipokuwa wazi saa ile. Mtu akimnyima mchukuzi mahali pa kutua mzigo, asishangae akiukuta njiani.

Tena angalia: kaka anasema umeitoa siri, lakini yeye, wewe na mama mdogo mnaijua, na mwenyewe haijui. Kama tunazungumzia nani aliyetangulizwa mbele ya mama katika jambo lake, basi orodha haianzi na wale watu arubaini. Mwulize hilo kwa upole, si kwa ujumbe wa WhatsApp ambao ataurudia mara kumi usiku kwenye chumba cha wafanyakazi, bali kwa simu, siku yake ya mapumziko. Na kabla ya hilo mwulize habari ya bibi. Aliambiwa lini? Ugonjwa ulikuwa umefika wapi? Mara nyingi wazee wetu huambiwa mwisho kabisa, wakati ambapo dawa zimekwisha kushindwa, kisha kifo kikija watu hulihesabia neno lililosemwa badala ya ugonjwa uliokuwapo. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yenu. Najua tu kwamba mama yako anaanza matibabu, na kuanza si mwisho. Sikiliza pia kitu kilicho chini ya ukali wake. Mtu aliye Qatar hana shuka la kuvuta; ana pesa za kutuma, na ana amri ya kutoa. Ukimnyima amri, atabaki na pesa peke yake, na huenda hilo ndilo linalomuuma.

Sasa tumtazame mama. Ulipoandika habari ya kofia, ufunguo na nywele uliziandika haraka, kana kwamba ni mambo ya nyumbani tu. Mimi nilisimama hapo. Mwanamke anayetaka kuimaliza kofia kabla ya safari, anayekabidhi ufunguo wa sanduku lake, na anayeuliza habari za wadi ambayo hakuambiwa ni ya nini, huenda anajua tayari na anakusitiri wewe kama unavyomsitiri yeye. Nasema huenda. Wazee wa pwani hutengeneza mambo yao kabla ya safari yoyote, hata ya kwenda harusini Malindi, na sitaki uziendee dalili hizi kana kwamba ni ungamo. Lakini lile swali la nywele lilikuwa mlango, naye ndiye aliyeufungua. Ulipomjibu kwamba hujui, aliurudisha taratibu. Unaweza kuubisha tena.

Kunyamaza, kama atakavyo kaka, kuna faida yake: nyumba hupata utulivu wa siku chache, na safari za Mombasa huendelea bila ya ugomvi. Hatari ni kwamba utulivu huo hamuumiliki nyinyi. Mgonjwa wa dawa za kemo huulizwa ridhaa yake, hukaa na wenziwe saa kadhaa wakiwa na dripu mkononi, na wenziwe hao huzungumza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, isipokuwa pawepo ushahidi mzito kwamba kumweleza kutakuwa kinyume cha maslahi yake. Hofu ya jamaa sidhani kama inafika kiasi hicho. Muuguzi hatadanganya kwa ajili yenu. Kisha kuna habari ya homa. Dawa hizi hupunguza kinga ya mwili, na homa ya nyuzi 38 katika siku zinazofuata ni jambo la kwenda hospitali usiku huohuo, si la kungojea asubuhi. Mama aliyekwisha kuficha uvimbe ili asiwasumbue ataificha homa pia, kama anaamini kwamba anatibiwa kitu kidogo. Na mwishowe, siri imekwisha kuvuka bahari mara mbili, kutoka Lamu kwenda Mombasa na kutoka Mombasa kwenda Qatar. Siku yoyote mgeni mwema anaweza kupanda ngazi zenu na sahani ya mahamri, akamkumbatia mama na kumpa pole kwa jina kamili la ugonjwa.

Kusema nako kuna hatari zake, na wenzako wa kundini sidhani kama wamekutajia. Mama anaweza kuacha kula. Anaweza kukasirika kwamba ulimdanganya. Anaweza kusema hatakwenda Mombasa, kwamba yeye na mume wake watakaa nyumbani kwao na kungoja lililoandikwa. Ukitaka aijue haki yake, lazima uwe tayari kwamba haki hiyo ina pande mbili, na kwamba anaweza kuitumia kwa namna ambayo wewe hukuitaka. Je, umejiandaa kwa jibu hilo, au unatarajia kwamba akijua atakubali kila kitu? Jiulize pia, bila ya kujihukumu, ni kiasi gani unataka kusema kwa ajili yake, na ni kiasi gani kwa sababu umechoka kuushikilia uwongo. Vyote viwili ni halali, lakini ukivijua mapema hutamwelemea mama kwa mzigo wako wakati anapojaribu kuinua wake.

Kati ya kunyamaza na kusema iko njia ambayo madaktari wengi huitumia, nayo ni kuuliza kwanza. "Mama, wewe mwenyewe waonaje maradhi haya?" Halafu unyamaze kweli, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akisema anajua, huna habari ya kumpa. Una mkono wa kumshika tu. Akisema hajui, mwulize kama angependa kuelezwa kila kitu, au angependa mambo ya hospitali aambiwe mtu mwingine kwa niaba yake. Wako wanaochagua hilo la pili, na kuchagua kutojua ni tofauti sana na kutoambiwa. Fanya hivyo kwa lugha ya nyumbani, kwa "mato" na "ndia" zako zilezile zilizokufichua, si kwa Kiswahili cha barua ya hospitali. Usifanye kwenye boti ya kwenda Mokowe wala ndani ya basi, ambako hana pa kugeuzia uso, na usingoje usiku wa kuamkia safari. Ukihisi kwamba ulimi hautatii, piga simu hospitali mapema, uombe mkaribishwe chumbani nyote wawili na daktari aeleze yeye, nawe ukiwa ubavuni. Hatari ya njia hiyo ni kwamba mama atasikia mbele ya mgeni, na machozi yake ameyazoea kuwa ya ndani ya nyumba.

Kuna mtu mmoja hatujamzungumzia. Katika barua yako yote baba hugeuzwa, hubebwa, hulala. Hakuna mahali anapoulizwa. Sikulaumu, maana kwa miaka miwili kazi yako imekuwa mwili wake. Lakini mtu ambaye maneno humtoka kwa taabu baada ya kiharusi mara nyingi husikia na kuelewa vizuri kuliko tunavyodhani, na huyu ni mume wa mama yako. Maswali ya kujibiwa ndiyo au la kwa kufinya mkono wake mzima yanatosha. Je, yeye ameona nini akiwa amelala chumba kimoja na mwanamke anayeshona usiku? Akijua wa kwanza, hilo litamfaa mama au litamuumiza? Wewe unawajua, mimi siwajui.

Kuhusu kundi, sioni lazima ya kutoka, wala sioni lazima ya kubaki kama ulivyokuwa. Ukitoka, kaka atatulia, lakini nani atakujibu usiku? Ukibaki, unaweza kumwomba msimamizi ujumbe ule wa sauti ufutwe kila ulipo, ukijua kwamba aliyekwisha kuupokea amekwisha. Unaweza kuandika badala ya kusema, na ukazungumza zaidi habari zako wewe: mgongo, usingizi, hasira, hofu ya kubaki peke yako. Hizo ni mali yako. Za mama, siku moja, unaweza kumwomba ruhusa, na usishangae akikupa. Wako wanawake wa umri wake ambao wakishajua wanapigiwa dua na watu wa Tanga na Unguja hutaka kuwasikia sauti zao. Au atakataa, na wenzako watalielewa, kwani wote wana wazazi.

Umeuliza kama umemkosea mama. Swali hilo sina uwezo wa kulijibu, kwa sababu si mimi uliyemkosea au kutomkosea. Yeye yuko chumba cha pili.

Usiku wa leo, ukishamgeuza baba, huenda ukamkuta tena amelala na sindano. Itoe vidoleni kabla haijamchoma. Asubuhi mwulize kofia imebaki vitundu vingapi, na ukae naye mpaka akuonyeshe. Kisha niandikie, nitapenda kujua imefika wapi.